Kupandisha faili mtandaoni si kujenga hifadhi ya data

Hifadhi ya umma ya data ni pale wanasayansi wa fani moja wanapokubaliana kuweka data zao mahali pamoja, kwa muundo mmoja, zikaguliwe, zipewe namba ya kudumu, na yeyote azichukue bure. Basi. Kinachonikera ni kusikia mradi ukijitangaza kwamba "una hifadhi ya umma" kumbe una folda, na ufadhili ukiisha folda hiyo haipatikani tena.

Chukua Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini, yaani jinsi atomu za kila protini zilivyopangwa. Ilianza mwaka 1971 katika maabara ya Brookhaven, New York, ikiwa na maumbo 7 tu. Kwa miaka mingi kutuma data kulikuwa hiari, na wengi hawakutuma. Mambo yalibadilika pale wanafani wenyewe walipobanana: mwaka 1989 muungano wao wa kimataifa ulitoa mwongozo wa kutuma data, na majarida yakazidi kudai namba ambayo data zimepewa na hifadhi ndipo yachapishe makala. Naamini kanuni hiyo iliijaza hifadhi kuliko kompyuta yoyote. Leo ina maumbo zaidi ya 200,000.

Halafu kuna kazi isiyoonekana. Wapo watu wanaolipwa kukagua kila kinachoingia: atomu zimekaa mahali zinapoweza kukaa? Umbo linaafikiana na vipimo vya maabara? Data zinazotoka Afrika hukaguliwa na kituo cha Hinxton, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hifadhi ilihama Brookhaven, na tangu 2003 inaendeshwa kwa ubia wa vituo vya Marekani, Ulaya na Japani, lakini namba za zamani zilibaki zile zile. Hata umbo likirekebishwa, la awali halifutwi kimya kimya: ukitafuta namba 1HHB, himoglobini ya binadamu (protini ya damu inayobeba oksijeni), unaelekezwa kwa 4HHB iliyochukua nafasi yake. Na mwanafunzi wa Kampala au Mwanza anayesoma selimundu anaweza kufungua 2HBS, himoglobini ya ugonjwa huo, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Data zinapatikana kwa kumwomba mwandishi" nayo si hifadhi. Mwandishi huhama, hustaafu, hufariki.

Kwa hiyo, ndugu, ukiwa na folda, iite folda, si aibu. Fani yako ikiwa na hifadhi, peleka data huko, na kwenye ripoti andika namba uliyopewa badala ya kiungo.