Mbwa anaharisha mwezi wa tatu sasa, na bado unamsagia kitunguu saumu

Wiki hii tena. Ujumbe umeingia usiku, picha ya kinyesi, na chini yake maneno ambayo wafugaji wa mbwa wa Arusha wamekuwa wakiniandikia kwa miaka: “Daktari, nimempa kitunguu saumu na shubiri. Ni vitu vya asili tu, hata visipomsaidia havitamdhuru.” Mbwa mwenyewe anaharisha tangu kabla ya mvua za masika. Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika hapa na kila atakayeniuliza nitamtumia ukurasa huu.

Kwanza niweke wazi, sina ugomvi na dawa za mitishamba. Baadhi natumia mwenyewe na nitazitaja. Ugomvi wangu ni na hiyo nusu ya pili ya sentensi, “hata visipomsaidia havitamdhuru.” Mmea unaoweza kubadilisha kinachotokea tumboni una kitu ndani yake chenye nguvu ya kubadilisha. Chenye nguvu kina dozi, na chenye dozi kina kiasi cha kuzidi. Huwezi kuniambia shubiri inatibu halafu ukaniambia pia kwamba haina uwezo wa kufanya lolote baya. Chagua moja.

Shubiri nitaimaliza haraka. Ule utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda ukikata jani una aloini, na aloini ni dawa inayoharisha. Binadamu wameitumia kwa karne nyingi kulainisha choo, hadi mwaka 2002 Marekani ilipoiondoa kwenye orodha ya dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Sasa wewe mbwa wako anaharisha, unampa dawa inayoharisha, halafu unashangaa usiku anaomba mlango mara tano. Ute mweupe wa katikati ya jani hauna shida hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini sijakutana na mtu anayeutenganisha vizuri nyumbani. Wengi wanatupa jani zima kwenye blenda.

Kitunguu saumu kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa hata wenzangu wengine hukosea kwa upande wa pili. Wanawatisha watu kwamba punje moja inaua. Mtu anajaribu, mbwa hafi, na tangu siku hiyo hamwamini tena daktari kwa jambo lolote. Ukweli uko hivi. Kitunguu saumu na kitunguu maji vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo mbwa wanne walipewa dondoo ya kitunguu saumu sawa na gramu 5 za kitunguu kizima kwa kila kilo ya uzito wa mbwa, kila siku kwa siku 7. Chembe nyekundu zikaharibika na kupungua, na kiwango cha chini kabisa kikafikiwa kati ya siku ya 9 na ya 11, yaani baada ya mbwa kuacha kupewa. Hata hivyo hakuna kati yao aliyefikia hatua ya kuishiwa damu kiasi cha kuugua.

Piga hesabu. Mbwa wa kilo 25 angehitaji gramu 125 kwa siku kufikia kiasi hicho, yaani vichwa viwili au vitatu vizima. Kwa hiyo punje moja kwa mbwa mkubwa mwenye afya haitamuua, na nasema hivyo bila kuficha. Lakini mtoto wa mbwa wa kilo 3 anafika hapo kwa gramu 15, na hizo ni punje tatu nne tu. Nani alikuambia umpimie kwa macho?

Halafu kuna jambo ambalo hao mbwa wa maabara hawakuwa nalo. Walikuwa wazima. Mbwa wanaoletwa kwangu kutoka Sombetini, Ngaramtoni au Usa River wakiwa na tumbo la miezi mitatu mara nyingi wana minyoo ya safura, na safura kazi yake ni kunyonya damu ukutani mwa utumbo. Wengi pia wana kupe, na kupe hawa wa mbwa wanaoishi hadi ndani ya nyufa za banda wanaeneza vijidudu vya damu viitwavyo erlikia na babesia. Babesia inavunja chembe zile zile nyekundu. Erlikia inashusha chembe sahani zinazogandisha damu, na ikikaa sana inafika hadi kwenye uboho wa mifupa. Mbwa huyu tayari ana fizi zilizopauka. Ukimwongezea kitunguu saumu kila asubuhi unamshambulia kutoka upande wa tatu, na hakuna jaribio la Japani linaloweza kukuambia kiasi gani ni salama kwake. Hata mimi siwezi kukuambia. Ndiyo maana jibu langu ni usimpe kabisa. Na kitunguu maji nacho si salama: gramu 15 hadi 30 kwa kilo ya mbwa kwa mara moja zinatosha kuleta mabadiliko ya damu, na kukipika hakuondoi sumu. Mabaki ya mchuzi wa nyanya na vitunguu si chakula cha mbwa.

“Lakini daktari, nilimpa na akaacha kuharisha.”

Sentensi hii ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu mwenye kuisema ameona kwa macho yake na hadanganyi. Aliacha kweli. Tatizo ni kwamba tumbo sugu, na kwa kawaida tunaliita sugu likivuka wiki tatu, halikai mahali pamoja. Linapanda na kushuka lenyewe. Mbwa ana siku nne mbaya, kisha wiki nzima ya afadhali, kisha anarudia. Wewe unampa dawa lini? Si ile wiki ya afadhali. Unampa siku iliyo mbaya kuliko zote, umechoka kudeki baraza. Baada ya siku iliyo mbaya kuliko zote, siku inayofuata karibu lazima iwe nafuu, hata ungempa maji ya bomba. Dawa inapewa sifa, mwezi unaofuata inarudiwa, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Tena siku hiyo hukubadilisha kitu kimoja tu. Ulipoanza kumpa mwarobaini ulisitisha maziwa. Ulimpikia wali mweupe badala ya dona. Ulimwambia mlinzi asimrushie mifupa. Halafu sifa zote zikaenda kwa mwarobaini.

Kuna minyoo mjeledi pia, ambayo inajificha kwa tabia hiyo hiyo. Inakaa utumbo mpana, inaleta choo chenye ute na damu kidogo, leo kipo kesho hakipo. Tangu mbwa ameze mayai hadi minyoo ikomae na kutaga inaweza kupita miezi mitatu hivi, na hata ikikomaa haitagi kila siku. Unaweza kupima choo ukakuta hakuna kitu na minyoo imejaa. Ndiyo maana nikipata jibu safi la maabara kwa mbwa mwenye dalili za utumbo mpana bado namtibu kwa dawa ya minyoo, fenbendazoli, miligramu 50 kwa kilo, siku tatu hadi tano mfululizo, na kurudia baadaye. Dozi hiyo hiyo inagusa kijidudu cha tumbo kiitwacho jiardia, na safura. Kidonge kimoja cha mara moja ulichopewa duka la mifugo hakifanyi kazi hii yote.

Sasa kwa wale wanaonunua magome ya olkiloriti kwa Wamasai na kuyachemsha. Gome hili la mgunga ni dawa inayoheshimika, Wamasai wanaliweka kwenye supu ya nyama ili kusaidia tumbo, na kwa mbwa mara nyingi choo kinakaza. Nimeona. Kinakaza kwa sababu ya tanini, ambazo zinabana utando wa utumbo. Lakini kukaza choo ni kitu kimoja na kutibu utumbo ni kitu kingine. Mbwa ambaye kongosho lake limekufa, au anayepoteza protini kupitia utumbo, choo chake kikikaza kwa wiki mbili wewe unatulia na yeye anaendelea kukonda. Dalili ndiyo iliyokuwa inakusukuma uje. Ukiizima mapema, unaniletea mbwa akiwa amebaki mbavu.

Hapa German shepherd wanastahili neno lao. Arusha na Moshi zimejaa mbwa hawa kwa ajili ya ulinzi, na ni aina ambayo kongosho lake huweza kunyauka mapema na kuacha kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula. Anakula sana, anakula hata kinyesi chake, choo ni kingi, kimepauka, kina mafuta, na bado anakonda. Hakuna jani la mlonge linaloweza kuchukua nafasi ya kimeng'enya. Anahitaji unga wa vimeng'enya, na kwa kuwa ni ghali, kongosho bichi la ng'ombe kutoka machinjioni linafanya kazi hiyo hiyo, gramu 30 hadi 90 hivi kwa mlo, likatwe vipande vidogo na lisipikwe, maana moto unaua vimeng'enya. Ligandishe vizuri kwenye friza kwa siku kadhaa kwanza. Baridi haiharibu vimeng'enya lakini inaua vifuko vya tegu vya hidatidi, ugonjwa uliopo kwetu kaskazini na unaomfikia binadamu kupitia mbwa. Maini na mapafu mabichi usimpe kamwe.

Mbwa wengi, hata hivyo, hawana kongosho bovu. Wana chakula kibaya, au chakula kizuri ambacho utumbo wao umekikataa. Kundi hili ndilo kubwa kuliko yote katika tumbo sugu la mbwa, na tiba yake haiuzwi kwenye chupa. Chagua nyama moja ambayo mbwa hajawahi kula. Kama maisha yake yote amekula ugali wa dona na dagaa, mpe sungura, na wali au viazi vilivyochemshwa, bila chumvi wala kiungo. Wiki mbili hadi tatu, na hakuna kingine kinachoingia mdomoni. Wengi watakaopona kwa chakula wanaonyesha ndani ya wiki mbili za kwanza. Kama ni mtoto anayekua, au ukitaka kuendelea na mlo huo baada ya hapo, tuongee kwanza, kwa sababu nyama na wali peke yake havina kalisi ya kutosha.

Jaribio hili linashindwa kwa sababu moja kuliko zote: nyumba ina watu wengi na mbwa anajua kila mmoja. Mama anafuata masharti, watoto wanampa mkate, mlinzi wa usiku anagawana naye makande. Mlinzi si adui, anampenda yule mbwa kuliko mwenye nyumba. Kaa naye, mweleze kwa heshima, mpe yeye kazi ya kuandika choo cha asubuhi kilikuwaje. Huyo ndiye shahidi wako bora.

Nikifika hapo, ndipo mitishamba inapata nafasi. Isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi mjini, ni ya kwanza kwangu kwa utumbo mpana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulipitia mbwa 37 wenye kuharisha kwa utumbo mpana bila sababu kupatikana, wakapewa chakula chepesi pamoja na nyuzi hizi, na wengi wakapata nafuu. Kiasi cha kati kilikuwa vijiko viwili vya chakula kwa siku. Naanza na kijiko cha chai kwa mbwa mdogo na kupanda taratibu, kimechanganywa na chakula chenye maji ya kutosha. Boga lililochemshwa linasaidia kidogo. Tangawizi natumia kwa kichefuchefu, kidogo, na kwa mbwa asiye na shida ya kutokwa damu. Sharubati za mitishamba za binadamu sizigusi mpaka nisome lebo, kwa sababu zikiwekewa zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, gramu 0.1 tu kwa kilo inaweza kushusha sukari ya mbwa hadi akaanguka.

Mtaniuliza kama dawa zangu za dukani zina ushahidi bora. Nyingine ndiyo. Metronidazoli, antibiotiki ambayo kila mtu anaikimbilia, kwa tumbo sugu ina ushahidi dhaifu na inavuruga bakteria wazuri wa utumbo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo nayo naipunguza kadiri miaka inavyokwenda. Vitabu vinasema ingiza kamera, chukua kipande cha utumbo, ndipo uanze predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Kwetu mara nyingi nafika kwenye predinisoloni kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine, bila kipande chochote, na siku ninayoandika dozi ya kwanza sina uhakika ninaoutaka. Sindano za vitamini B12 natoa kabla ya hapo, kila wiki kwa wiki sita, kwa sababu utumbo mwembamba ulioumwa muda mrefu haunyonyi B12, na bila hiyo tiba nyingine zinasuasua.

Fizi nyeupe, choo cheusi, tumbo au miguu kuvimba, mtoto wa mbwa asiyekula: hapo usisubiri hata kesho. Wengine njooni na choo cha siku tatu tofauti kwenye kopo safi, na orodha ya kila kinachoingia mdomoni, pamoja na vya mlinzi. Na hiyo dawa ya asili uliyompa, ilete kwenye pakiti yake au jani lenyewe. Sitakufokea. Nahitaji kujua ni mmea gani, kiasi gani, na tangu lini, kabla sijagusa sindano.