Anayezimua asubuhi apelekwe hospitali, asifungiwe ndani

Mzee aliletwa siku ya tatu. Mkewe alisema ameingiwa na jini. Tangu usiku alikuwa akiokota wadudu kwenye shuka, wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na akijibizana na mtu aliyesimama mlangoni. Alfajiri akaanguka na kutoka povu. Walikuwa wameshapita kwa mganga. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba vizuri tu, kisha akaendelea kuokota. Jasho lilikuwa limelowanisha shati lake lote ingawa asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Nikamuuliza mkewe: mama, mzee anakunywa?

Akainama. "Alikuwa anakunywa, mwanangu. Ila tumemfungia ndani tangu Jumamosi. Hajagusa hata tone."

Familia ile ilikuwa imefanya kila kitu kwa mapenzi, na mapenzi hayo nusura yamuue mzee. Mimi ni mtumishi wa afya ya akili huku kusini, na kama ningeruhusiwa kuwaambia watu wa Mtwara na Lindi jambo moja tu kuhusu pombe, ningesema hili: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla bila dawa, anaweza kufa.

Pombe hutuliza ubongo. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujizoesha kuvuta kamba upande wa pili ili aweze kukaa macho, kutembea na kufanya kazi. Ukiiondoa pombe kwa mkupuo, ule upande wa pili unabaki ukivuta peke yake. Ndani ya saa 24 za mwanzo mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, jasho humtoka, usingizi hukataa, chakula hakikai tumboni. Kuanguka kama mwenye kifafa hutokea mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne ndipo baadhi huchanganyikiwa, wakaona wadudu, nyoka au watu ambao hawapo, huku joto la mwili likipanda. Hiyo ni dharura kama malaria kali. Nasikitika kwamba hapo ndipo wengi huanza kutafuta nani kamroga.

Utamjuaje mtu aliyefika huko kabla hajaanguka? Sitazami sana kama analewa. Wapo wanaokunywa nipa, pombe kali ya kienyeji, tangu alfajiri na huwezi kuwaona wakiyumba, kwa sababu mwili umezoea. Familia husema "huyu pombe anaiweza," wakati huo ndio usugu wenyewe. Mimi naulizia asubuhi. Anazimua? Yaani anahitaji glasi ya kwanza ndipo mikono itulie na aweze kunywa chai kwa mkono mmoja? Akizimua, mwili wake tayari unaidai pombe.

Halafu namuuliza mengine matatu, kwa upole na faraghani: amewahi kuona kwamba apunguze? Watu wakimsema kuhusu pombe, anakereka? Anajuta kwa sababu ya kunywa? Ukimjumlishia na swali la kuzimua, akijibu ndiyo kwa mawili kati ya manne, inafaa apimwe na mtaalamu. Jiulize na wewe unayesoma.

Hapa kwetu kuna dalili nyingine ambayo vitabu haviitaji: kangomba. Mtu anauza korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, ili apate za kunywa leo. Shamba analijua, bei ya mnada anaijua, watoto wanadaiwa sare za shule, na bado anauza. Alishaapa mara tatu kwamba hatarudia. Ukimwita mzembe hujamsaidia, maana nia ya kuacha anayo. Kinachomshinda ni kujizuia, na huko kushindwa kujizuia ndiko kunakoitwa uraibu.

Naambiwa sana kwamba uraka ni juisi ya mabibo tu, na tembo la mnazi ni chakula. Ubongo hautofautishi. Nipa ina hatari ya ziada, kwa kuwa haipimwi na mtu yeyote, na pombe ya kienyeji iliyoingiwa na methanoli hupofusha na kuua. Kwa mjamzito hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama.

Matibabu yapo. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Kwa Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, kwa Lindi kuna Sokoine, na wa barabara ya Masasi wana hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Mgonjwa akianguka au akiona visivyokuwepo, msingoje barua wala kupambazuke. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza ubongo, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu kumbukumbu na mwendo. Gharama ikiwashinda, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Na tafadhali, msimtilie mtu dawa ya kuacha pombe kwa siri kwenye chai. Nyingine, akinywa pombe juu yake, humshusha presha hadi akazimia.

Siku hizo chache za wodini ndizo nyepesi. Kazi huanza akirudi nyumbani, kilabu ni kilekile na marafiki ni walewale. Kliniki za kila wiki au mwezi ni za kuzungumzia hilo, na akirudia kunywa aje vilevile, tena mapema. Kwa wakulima huwa napendelea tupange tarehe ya kliniki iangukie wiki ambayo malipo ya mnada yanaingia benki, na mke na mume wakubaliane mbele yangu nani atakwenda kuzitoa pesa hizo.

Mzee yule alipona. Alipokuja kliniki mkewe alinieleza kwamba kule walikopita kwanza hakuna aliyewauliza habari ya pombe, na wao kwa aibu hawakuitaja. Basi mkifika mapokezi, hata kama hamjaulizwa, semeni: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho amekunywa lini, saa ngapi.