Kuhema kwa hofu kwenye kiti cha daktari wa meno: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mgonjwa anayehema mbio kabla ya sindano ya ganzi anajifanya.

Ukweli: Hofu ndiyo huanzisha jambo, lakini kinachofuata hutokea kweli mwilini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayehema kwa hofu huweza kupita mara 25, akatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, damu ikapungukiwa na asidi, na kalsiamu iliyo huru ndani yake ikashuka. Ndipo midomo na ncha za vidole huchonyota, vidole hukakamaa, kichwa huzunguka na kifua hubana. Mwenye kuhisi hayo huamini kwamba anakufa, na kumwambia "acha woga" ni kumwongezea hofu ile ile inayomhemesha.

Dhana: Apewe mfuko wa karatasi apumulie ndani.

Ukweli: Ushauri huu wa zamani una hatari, kwa sababu pumu, ugonjwa wa moyo na damu iliyoganda katika mapafu huweza kuanza kwa kuhema vivyo hivyo, na mfuko humpunguzia mgonjwa oksijeni wakati anapoihitaji zaidi. Inatosha kusimamisha kazi, kuondoa vyombo na pamba mdomoni, kumketisha wima, kisha daktari akae mbele yake na kupumua pamoja naye: kuvuta hewa taratibu kwa pua, na kuitoa taratibu zaidi. Kumlaza chali miguu ikiwa juu kunamfaa aliyezimia, ambaye hupauka na mapigo ya moyo wake kwenda polepole.

Dhana: Ganzi imemdhuru, au, kinyume chake, ni hofu tu.

Ukweli: Mzio wa kweli wa lidokeini, dawa ya ganzi inayodungwa, ni nadra, na moyo kwenda mbio baada ya sindano huweza kutokana na adrenalini iliyochanganywa na ganzi. Hata hivyo, haifai kuhukumu kuwa ni hofu kabla ya kumkagua mgonjwa. Kifua kinachotoa mlio wa filimbi huashiria pumu, inayohitaji salbutamoli ya kuvuta, dawa ya kufungua njia za hewa. Vipele vya ghafla, uvimbe wa ulimi na kushuka kwa shinikizo la damu huashiria mzio mkali, unaohitaji adrenalini mara moja katika msuli wa paja, mikrogramu 500 kwa mtu mzima, na gari la wagonjwa liitwe. Palipo na shaka apewe oksijeni, kwa kuwa kumpa kwa muda mfupi anayehema kwa hofu hakumdhuru, ilhali kumnyima mwenye pumu kali kunaweza kumuua.