Intaneti Ipo, Mtandao Ndio Umegoma: Ruta na Swichi Ofisini

Simu ninayopigiwa kuliko zote ni hii: "Fundi, intaneti imekata, njoo haraka." Nami kabla sijanyanyuka huuliza: printa inachapa? Watu wengine hukasirika, maana wao wamesema intaneti, mimi naleta habari za printa. Lakini jibu hilo linanipunguzia nusu ya kazi. Kompyuta na printa ya mtandao zilizo ofisi moja kwa kawaida huongea kupitia swichi tu, yaani kile kifaa cha matundu mengi kinachounganisha kebo za ofisi; ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na nje, haina habari. Printa ikichapa na kurasa hazifunguki, naanzia kwenye ruta au laini ya mtoa huduma. Printa nayo ikigoma, mtoa huduma mwacheni kwanza, tatizo huenda liko humo humo ndani.

Swichi haijui intaneti ni nini. Inachokijua ni anwani za MAC, zile tarakimu na herufi 12 ambazo kila kadi ya mtandao hutoka nazo kiwandani. Fremu, yaani kifurushi cha data cha mtandao wa ndani, ikiingia kwa poti (tundu la kebo) ya 3, swichi inasoma MAC ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake: huyu yupo poti ya 3. Ikiletewa fremu ya kwenda kwa mtu isiyemjua, inaitawanya poti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Mwenyewe akijibu, naye anaandikwa. Asiposikika kwa muda, dakika tano kwenye swichi nyingi, anafutwa.

Ruta inaingia kazini pale mzigo unapotaka kutoka. Laptopu yenye anwani ya IP 192.168.1.25 na maski ya 255.255.255.0 (inayoonyesha anwani zipi ni za humu ndani) ikitaka kufika 8.8.8.8, anwani ya nje, inapiga hesabu, inaona huyo si wa humu, basi inaikabidhi pakiti, yaani kifurushi chenye anwani za IP, kwa ruta. Anwani za 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, hazitembei kwenye intaneti, kwa hiyo ruta inaiondoa ile ya laptopu na kuweka yake ya nje, huku ikikumbuka nani alituma nini ili jibu likirudi lifike kwa mwenyewe.

Kinachowachanganya watu ni kile kiboksi cha antena mbili tatu. Kimeandikwa ruta, lakini ndani yake mna ruta, swichi ya poti nne, waifai, na huduma ya DHCP inayogawa anwani za IP kwa kila anayeunganishwa. Vifaa vinne ganda moja. Nyumbani ni raha. Ofisini ndicho chanzo cha kesi ninayoipenda kuliko zote.

Ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Dar, mtu wa uhasibu aliona waifai haimfikii vizuri, akanunua kiboksi Kariakoo, akachomeka kebo ya ukutani kwenye poti mojawapo kati ya zile nne. Waifai ikawaka, akafurahi. Kesho yake asubuhi nusu ya ofisi haina intaneti, nusu inapeta. Aliyefika mapema yuko sawa, aliyechelewa hana kitu, ikaanza kuonekana kama uchawi.

Niliomba laptopu ya dada wa mapokezi, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta. Anwani: 192.168.0.104. Ofisi nzima inatumia 192.168.1. Hapo mambo yakawa wazi: kuna wagawaji wawili wa anwani, na kompyuta inamkubali anayejibu kwanza. Aliyeangukia kwa yule mgeni anaelekezwa kutokea 192.168.0.1, mlango usio na laini nyuma yake. Nikaandika arp -a, amri inayoonyesha MAC za vifaa vya jirani, nikapata MAC ya 192.168.0.1, nikaingia kwenye swichi kuitafuta katika jedwali. Poti ya 17. Kebo ikanipeleka hadi chini ya meza, nyuma ya maboksi ya mafaili.

Sikukitupa. Nilizima DHCP yake, nikakipa anwani ya ndani ya ofisi isiyotumiwa na mtu, kikabaki waifai tu. Mhasibu hakupoteza kitu.

Kesi ya pili ni fupi lakini inaua mtandao mzima: mtu anakuta kebo inaning'inia, anaionea huruma, anaichomeka ukutani, kumbe upande wa pili nao uko kwenye swichi ile ile. Taa zote zinapepesa kwa pamoja kama disko. Pakiti ya IP ina kikomo cha ruta inazoweza kupita, fremu ya Ethernet haina, hivyo tangazo moja, yaani fremu inayotumwa kwa wote, linazunguka na kuzaliana bila mwisho. Mtaalamu wa kompyuta Radia Perlman alilitatua hili mwaka 1985 kwa itifaki ya Spanning Tree, inayofunga njia ya ziada yenyewe. Swichi nyingi za bei chee hazina.

Ndiyo maana mteja akiniuliza pesa iende wapi, kwa ofisi ya watu ishirini naiweka kwenye swichi ya poti 24 inayosimamika, yaani unayoweza kuingia na kuipangia mambo, yenye Spanning Tree na uwezo wa kukataa DHCP za wageni. Ruta ya kawaida inatosha, antena sita ni urembo. Na UPS, ile betri ya akiba, iilishe swichi pia. Waifai ya darini inayopata umeme kupitia kebo ya mtandao itazimika swichi ikizimika, hata kama ruta inawaka taa zote za kijani.