Fedha Zilizofukiwa Chini ya Pampu

Kazi yangu ni kukagua hesabu za vituo vya mafuta vya watu binafsi, wenye kituo kimoja au viwili. Siku hizi swali halibadiliki: magari ya umeme yatatumaliza lini? Wana haki ya kuuliza. Norwei, mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme. Lakini vituo nilivyoshuhudia vikifungwa havikufungwa na umeme. Vilikwama kwa sababu mtaji wote ulikuwa chini ya ardhi.

Tuseme umeuza tangi zima na kubaki na faida. Kabla hujaagiza tena, bei ya jumla imepanda, na fedha ulizokusanya hazitoshi kulijaza tangi lile lile. Daftari linasema umepata, huku wewe unatafuta mkopo. Bei ikishuka ni balaa zaidi. Una maelfu ya lita ulizonunua kwa bei ya juzi, na kampuni kubwa iliyo jirani, inayopokea lori kila siku, imeshabadilisha bei kwenye ubao. Ukishusha unauza kwa hasara. Usiposhusha, magari yanakupita. Ndiyo maana nawasihi wenye vituo wapige hesabu ya faida kwa gharama ya mzigo ujao, si ya uliopita. Nimeona watu wachapakazi wakijenga nyumba kwa fedha ambazo kwa kweli zilikuwa mafuta ya wiki inayofuata, na inauma kuwaona wakifika hapo.

Malipo ya kadi nayo yanabana. Mara nyingi ada hukatwa kama asilimia ya mauzo yote, ilhali faida huhesabiwa kwa lita. Bei inapopanda, ada inapanda nayo, faida imesimama palepale.

Kuna pia upungufu unaozua ugomvi na wafanyakazi bure. Petroli husinyaa kwa takribani 0.1% kila inapopoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mzigo wa lita 30,000 ulioshushwa ukiwa na joto, ukapoa kwa nyuzi 10 ndani ya tangi, utapungua karibu lita 300. Kabla hujamtuhumu mhudumu wa pampu, pima joto.

Tangi lenyewe ndilo linalonitia hofu kuliko yote. La chuma, la ukuta mmoja, huoza taratibu bila kuonekana, na likivuja, kusafisha udongo na maji kunaweza kugharimu kuliko thamani ya kituo chenyewe. Marekani iliweka mwisho wa Desemba 22, 1998: matangi ya zamani yaboreshwe, yabadilishwe au yafungwe. Wengi wa wenye vituo vidogo waliona afadhali kufunga.

Mashine ya kuchaji magari haraka ina mantiki yake, kwa kuwa dereva anayesubiri dakika 20 au 30 ataingia dukani, na bidhaa za dukani huacha faida nono kuliko mafuta. Ila inahitaji umeme mwingi, pengine hata transfoma mpya.

Mteja wangu mmoja alitaka kukopa ili aweke mashine hiyo. Nilimwuliza tangi lake lina umri gani. Hakujua, aliyemuuzia kituo hakumwambia. Tukaanza na kipimo cha uvujaji, benki tukaiacha kwanza.