Msimbo wa hitilafu kwenye AC: unachosema na usichosema

Shangazi yangu wa Kikwajuni, Unguja, alinitumia sauti kwenye simu saa tano za usiku, mwezi wa pili, joto la kaskazi limekaa kwelikweli: "Mwanangu, AC imegoma, inaniletea kodi." Nikadhani mwenye nyumba kaja. Kumbe kioo cha mashine kilikuwa kinamulika alama mbili, na yeye kazisoma "Eb". Kosa ni letu mafundi. Tumezoea kusema "kodi", yaani "code" ya Kiingereza, na tunawababaisha watu, maana kodi kwa Mswahili ni ya nyumba au ya serikali. Jina linalokaa vizuri ni msimbo wa hitilafu: alama fupi ambayo mashine huionyesha inapojizima au inapokataa kuwaka, ili kueleza ni kipimo gani kimetoka nje ya mpaka wake.

Hapo penye neno kipimo ndipo watu wanapopita bila kutazama. Ndani ya AC mna bodi yenye kompyuta ndogo, na bodi hiyo haina macho. Ina sensa mbili tatu za joto, inahesabu mizunguko ya feni, na mashine za inverta, zile zinazoongeza na kupunguza kasi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi), zinapima pia umeme unaoingia na unaokwenda kwenye kompresa hiyo. Kila kipimo kimewekewa mpaka na aliyeitengeneza mashine. Mpaka ukivukwa, bodi inasimamisha kazi na kuandika msimbo. Ni kama mlinzi aliyesikia kishindo uani. Atakwambia upande gani, lakini kama ni mwizi au ni paka, mpaka mtu atoke akaangalie.

Kwanza tusome alama yenyewe. Kioo kile kimeundwa kwa vijiti saba vya mwanga kwa kila tarakimu, na kwa vijiti saba huwezi kuandika K wala W ikasomeka. Ndiyo maana misimbo mingi hurudia herufi zilezile: E, F, H, L, P, U, C, A. Ndiyo maana pia S na 5 ni mapacha, O na 0 hazitofautiki, na 6 iliyokosa kijiti cha juu inakuwa b. "Eb" ya shangazi ilikuwa E6. Piga picha, usimsomee fundi kwa mdomo.

Mashine nyengine hazina kioo, zina taa tu. Hizo huwaka na kuzima kwa hesabu, kisha hunyamaza kidogo na kuanza tena. Hesabu uanze baada ya kimya kile, tena uhesabu mizunguko mitatu, kwa sababu kuruka mwako mmoja kunakupeleka kwenye hitilafu nyengine kabisa. Panasonic wana mtindo wao: taa ya taimu inamulika, halafu kwenye rimoti pana kitufe kidogo cha CHECK unachokibonyeza kwa ncha ya kalamu kwa sekunde 5, kisha unapitia misimbo kwenye rimoti kwa vitufe vya taimu mpaka mashine itoe mlio. Daikin nyingi hutumia kitufe cha kufuta taimu: kishike sekunde 5 mpaka 00 itokee, kisha endelea kukibonyeza kimoja kimoja mpaka usikie mlio mrefu. Msimbo uliopo kwenye rimoti wakati wa mlio huo ndio wenyewe. Rimoti za "AC zote" zinazouzwa Darajani hazitakusaidia kwa hili, hata kama zinawasha na kuzima vizuri.

Sasa lile linalowapotezea watu pesa. Misimbo haina kamusi moja ya dunia nzima. Kila kampuni inajitungia yake. E1 kwenye Midea maana yake sehemu ya ndani na ya nje hazisikilizani. E1 hiyohiyo kwenye Gree ni presha ya gesi iliyopanda kupita kiasi. Kutosikilizana huko Panasonic wanakuita H11, Daikin U4, LG CH05. Tena kampuni yenyewe hubadilisha: ile E1 ya Midea, kwenye mashine zao za baadaye utaikuta imeandikwa EL 01. Kwa hiyo ile picha ya orodha ya misimbo inayozunguka kwenye makundi ya simu, isiyotaja mashine ya nani wala modeli gani, ifute tu. Modeli imeandikwa kwenye kibandiko ubavuni au chini ya sehemu ya ndani. Hiyo ndiyo unayotafutia kitabu chake.

Si misimbo yote inayostahili kuaminiwa sawasawa. Mimi ya sensa naiamini kuliko yote. Sensa ya joto ni kipande kidogo chenye nyaya mbili, ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Baadhi yake ni kama ohm 10,000 kwa nyuzi 25. Waya ukikatika, bodi inasoma baridi ya ajabu ambayo Unguja haijawahi kuiona. Nyaya zikigusana, inasoma moto wa tanuri. Kwa kuwa hayo hayawezekani ndani ya chumba cha kulala, bodi inajua kwamba sensa ndiyo inayodanganya, na inasema hivyo. Kilichobaki ni kuchomoa plagi yake na kupima kwa mita. Mara nyingi nakuta panya katafuna, au unyevu umeingia kwenye plagi. Sensa ni kitu cha bei ndogo. Anayekwambia ubadilishe bodi nzima kwa msimbo wa sensa, kabla hajaipima sensa, muombe akapumzike.

Msimbo wa gesi kuvuja uko mbali na uaminifu huo. Watu wanadhani ndani ya AC mna geji ya gesi kama ya mafuta kwenye gari. Kwenye AC nyingi za nyumbani hamna. Chukua EC ya Midea: bodi inaangalia joto la koili ya ndani (mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa) wakati kompresa inapoanza, halafu inasubiri dakika chache za mwanzo kuona kama koili imepoa. Isipopoa, inajaribu tena; ikitokea mara tatu, inaandika EC na kuzima. Yaani imekisia. Gesi ikiwa kidogo, koili haipoi, ni kweli. Lakini kompresa isipozunguka kabisa, koili vilevile haipoi, hata gesi iwe imejaa tele. Sensa iliyochomoka kwenye koili na kuning'inia hewani nayo italeta EC ileile. Nimeingia nyumba moja Mpendae, wameshajaziwa gesi mara mbili mwaka mmoja, na ugonjwa ulikuwa waya wa kompresa uliolegea huko nje.

Na kwa kuwa tumefika kwenye gesi: gesi ya AC hailiki. Inazunguka mle mle miaka yote. Ikipungua, pana tundu au panapovuja kwenye maungio, na kujaza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye pakacha. Sisi wa visiwani tuna adui wetu hapa, chumvi. Nyumba za ufukweni, Paje au Nungwi, mapezi ya alumini ya koili ya nje huliwa na upepo wa bahari mpaka ukiyagusa yanamung'unyuka kama unga. Joto halitoki tena vizuri, presha inapanda, na msimbo wa presha unakuja bila kifaa chochote cha ndani kuharibika. Mji Mkongwe shida ni nyengine: sehemu ya nje imebanwa kwenye kichochoro, au imefunikwa mbao za urembo ili isiharibu sura ya nyumba, ikawa inavuta tena hewa moto iliyoitoa yenyewe. Hapo dawa ni nafasi na kuosha koili kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu nyingi, umeme ukiwa umezimwa.

E6 ya shangazi, kwa mashine yake, ilikuwa ni mawasiliano. Sehemu ya ndani na ya nje zimeunganishwa kwa nyaya za umeme na ardhi, pamoja na waya mmoja wa ishara. Kwa waya huo bodi mbili zinajuliana hali kila mara: umenipa baridi kiasi gani, nimezunguka kwa kasi gani. Mmoja akinyamaza muda ulioruhusiwa, mwenzake anaandika msimbo. Sasa anyamazaye anaweza kuwa amekufa, yaani bodi imeungua; anaweza kuwa hana umeme; au waya wa katikati ndio wenye kasoro. Aliyemfungia mashine miaka mitatu nyuma alipungukiwa na waya, akaunga njiani na kuzungushia tepu, nje, ukutani, palepale mvua ya masika inapopiga. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Nilikata, nikavuta waya mzima usio na kiungo, E6 ikaondoka. Mtu wa mwanzo aliyeitwa alikuwa ameshamuandikia bei ya bodi mbili.

Umeme wenyewe nao una misimbo yake. P1 ya Midea, kwa mfano, ni volti kuwa juu au chini mno. Kipimo chetu ni volti 230, lakini jioni kila mtu anapopika na kupiga pasi, nyumba iliyo mwisho wa laini mbali na transfoma haipati hizo. Umeme wa Unguja unakuja kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga. Wanaokumbuka giza la miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua kwa nini jenereta ziliingia mpaka vichochoroni. Jenereta ndogo isiyotulia ni mama wa misimbo ya volti. Msimbo wa namna hii ukija saa za magharibi tu na kutoweka usiku wa manane, usiite fundi wa AC. Mwite wa umeme apime, au weka stebilaiza (kifaa cha kutuliza volti) yenye uwezo wa kubeba kompresa.

Kuna alama ambazo si hitilafu hata kidogo, na simu nyingi ninazopigiwa ni za hizo. CF kwenye Samsung inakukumbusha uoshe chujio. CL kwenye baadhi ya LG ni kufuli ya watoto, mtu kabonyeza bila kujua. H1 ya Gree, au dF kwa Midea, ni kuyeyusha barafu kwenye koili ya nje, jambo la mashine inayopasha joto kwenye nchi za baridi. Hapa utaiona kwenye kitabu tu. Ila kupasha joto kwenyewe kupo kwenye mashine zetu nyingi, alama yake ni jua dogo kwenye rimoti. Mtoto akiligusa, AC itapuliza moto Disemba, bila msimbo wowote, na nyote mtaapa kwamba imekufa. Kompresa kuchelewa kama dakika 3 baada ya umeme kurudi nako ni ulinzi.

Msimbo ukitokea, zima AC kwenye sakiti breka, si kwa rimoti, uiache dakika 5 mpaka 10 ili bodi iishiwe na umeme uliobaki. Washa. Usiporudi, huenda ilikuwa ni mtikisiko wa umeme, andika tarehe tu. Ukirudi, angalia umerudi baada ya muda gani, kwa sababu sekunde na nusu saa ni magonjwa mawili tofauti: wa sekunde mara nyingi ni sensa au umeme, wa nusu saa mara nyingi ni joto au presha. Usizime na kuwasha mara kumi usiku kucha. Kompresa inayovuta umeme kupita kiasi huokolewa na msimbo ule, na kila ukiilazimisha unaikaribisha kaburini.

Kisha mtumie fundi picha ya kioo, picha ya kibandiko cha modeli, na maneno mawili: imetokea saa ngapi, na sehemu ya nje ilikuwa inanguruma au imenyamaza. Shangazi siku hizi ananitumia vyote hivyo. Juzi kaniletea "dF" ya jokofu la jirani yake.