Mionzi ya saratani ya tezi dume: maswali ya wazee wetu wa Mbeya

Tezi dume ni nini, na saratani yake inajulikanaje?
Ni tezi iliyo chini ya kibofu, imezunguka njia ya mkojo. Saratani yake mwanzoni haiumi. Kipimo cha damu cha PSA hutia shaka tu. Kinachothibitisha ni kinyama kinachokatwa kwenye tezi na kupelekwa maabara.

Mionzi ya kuitibu iko ya aina ngapi?
Mikubwa ni miwili. Ya nje: unalala, mashine inalenga tezi kwa dakika chache, unavaa unaondoka. Ratiba ya zamani ni vipindi kama 37, zaidi ya wiki saba. Ipo fupi ya vipindi 20, wiki nne. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2016 ulionyesha kuwa haizidiwi na ile ndefu. Kwa mzee wa Chunya anayelala kwa ndugu Dar es Salaam ili atibiwe hospitali ya saratani ya Ocean Road, hizo wiki ni hela na ni shamba. Muulize daktari, usione aibu.

Ya ndani: vyanzo vidogo vya mionzi huingizwa kwenye tezi yenyewe. Hufaa zaidi saratani ambayo haijatoka kwenye tezi. Kama mkojo tayari unatoka kwa shida, inaweza kuizidisha hiyo shida.

Ipi bora?
Inategemea ugonjwa umefika wapi, si jirani alipewa nini. Saratani kali huongezewa sindano za homoni, miezi au hata miaka. Msiziache kwa sababu mnajisikia vizuri!

Nikitumia mizizi kwanza, halafu nije?
Hapana.

Miezi mitatu tu, mganga amenihakikishia.
Hapana, baba. Wapo wenye saratani ya polepole ambao daktari huwaacha bila tiba, akirudia vipimo. Huko ni kufuatiliwa. Kukaa na chupa ya mizizi bila kipimo ni kuipa saratani nafasi.

Basi baada ya kuvuna?
Hapana. Mpunga una watoto wa kuuvuna.

Lakini fulani alipelekwa kwenye mionzi akafa.
Alipelekwa lini? Wengi tunaowapokea hospitalini wameshakuwa na mpira wa mkojo na mifupa inauma. Halafu lawama inabebeshwa mashine.

Nitawadhuru wajukuu?
Mionzi ya nje haibaki mwilini. Mpakate mjukuu. Ukiwekewa chembe zinazobaki ndani ya tezi, utaelekezwa kukaa mbali kidogo na wajawazito na watoto kwa muda.

Madhara?
Kukojoa mara kwa mara, mkojo kuchoma, kuharisha, uchovu. Mengi hupungua baada ya wiki kadhaa. Nguvu za kiume zinaweza kushuka taratibu. Semeni, zipo dawa. Wengine hukaa kimya na kununua unga wa nguvu za kiume stendi.

Ikifika mifupani?
Mionzi hapo haiponyi, inatuliza maumivu, na mara nyingi kipindi kimoja kinatosha. Ila mgongo ukiuma na miguu ikalegea au kufa ganzi, uti wa mgongo unabanwa. Hiyo ni dharura. Msimchue mzee kwa mafuta, msimfunge kitenge kiunoni, msisubiri mtoto wa Dar atume nauli. Hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Miguu ikishakufa siku kadhaa, mara nyingi hairudi, hata mashine iwe nzuri namna gani.